Tunataka kufanya kumbukumbu ya baba yetu, baba mdogo anasema ni haramu

SWALI: Asalaam aleikum sheikh. Niko Bombo, Uganda. Baba yetu alifariki mwaka jana. Alikuwa mtu wa familia sana, hawezi kulala mpaka ajue watoto wote tumekula, na kijijini alikuwa VHT, yaani mhudumu wa afya wa kijiji, wa kujitolea, watu wanamgongea dirisha usiku mtoto ana homa, anatoka na baiskeli yake. Na kila msiba yeye ndo wa kwanza kushika jembe kuchimba kaburi. Sasa mwaka unatimia, tunataka kuchinja ng'ombe wake mmoja, kuprinti fulana zenye picha yake, na watu wasimame wamuongelee. Baba mdogo anasema yote haramu, mama analia. Tufanyeje?

JIBU: Waaleikum salaam warahmatullah binti yangu. Allah amrehemu mzee, amsamehe na aipanue kaburi yake, na mama mpe pole zangu.

Kumtaja maiti kwa mema siyo haramu kabisa. Janaza ilipita mbele ya Mtume (s.a.w.), watu wakaisifu, akasema imewajibika, yaani Pepo, kisha akawaambia nyinyi ni mashahidi wa Allah katika ardhi, iko kwenye vitabu vya hadithi vya Bukhari na Muslim. Lakini shahidi anasema alichokiona, kwa hiyo waseme dirisha, waseme baiskeli na jembe, mtu asisimame akaanza kuapa kwamba mzee yuko Peponi, hiyo elimu hana.

Na usione kazi za baba yako zilikuwa ndogo. Kuna mama alikuwa anafagia msikiti wa Mtume Madina, akafa, maswahaba wakamzika bila kumwambia, waliona kama jambo lake ni dogo tu. Mtume akamuulizia, akasema mbona hamkunijulisha, nionesheni kaburi lake, akaenda akamswalia hapo hapo kaburini. Mtu wa ufagio huyo!

Sasa ng'ombe. Hapa ndo naomba mnisikilize vizuri maana misiba yetu mingi hapa Uganda inaharibikia hapa. Huyo ng'ombe siyo wa baba tena, ni mirathi. Kwanza yalipwe madeni, hata ya dukani, hata ya mtu wa boda, maana Mtume amesema nafsi ya muumini inatundikwa na deni lake mpaka lilipwe. Halafu wasia kama aliacha, halafu ndo kugawana, mama ana thumuni yake, yaani moja ya nane, na nyinyi watoto mna sehemu zenu. Kama kuna mdogo wenu hajabaleghe basi na yeye ana sehemu kwenye huyo ng'ombe na hakuna mwenye ruhusa ya kuichinja ili watu wale pilau, hata kwa nia nzuri. Soma Suratun Nisaa aya ya 10, wanaokula mali ya yatima kwa dhulma wanakula moto matumboni. Mkitaka kuchinja, nyinyi wakubwa mchange mfukoni mwenu, na nyama muitoe sadaka kwa niaba yake.

Kuhusu siku yenyewe, maulamaa wametofautiana. Mimi naona msiifanye kama faradhi ya kila mwaka, dua haina tarehe. Hapo baba mdogo ana hoja, ila kusema yote haramu amezidisha.

Fulana ziacheni. Hiyo pesa nunueni majembe na makoleo ya kuchimbia makaburi, myaweke msikitini, kila kaburi likichimbwa inshaallah mzee anapata.

Na kitu ambacho watu wanasahau ni marafiki zake. Bi Aisha anasimulia kwamba Mtume alikuwa akichinja mbuzi anamkatakata kisha anawapelekea marafiki wa mkewe Bi Khadija, na Khadija ameshafariki. Ibn Umar naye alikutana na bedui njiani kwenda Makka akampa punda wake na kilemba chake cha kichwani, sababu tu baba wa yule bedui alikuwa rafiki wa baba yake, Umar. Kwa hiyo wale wazee waliokuwa wanachimba nae, na yule VHT mwenzake, wapelekeeni nyama mpaka nyumbani, wasalimieni, mkawaulize kama baba aliwaahidi kitu hakikutimia.

Baba mdogo nendeni kwake kwa adabu kabla hamjapanga chochote, mchukue na daftari la madeni mlipitie pamoja, na mama awepo.

Wallahu aalam.