Kabla Hujanunua Chupa Nyingine ya Vidonge

Dada yangu unayetafuta mtoto, ukipewa karatasi ya majibu ya AMH, homoni inayoonyesha akiba ya mayai yako, yenye namba ndogo, usikate tamaa. Yangu ilitoka ndogo, na daktari wangu hapa Mombasa alinieleza kwa utulivu: homoni hii hutoka kwenye vifuko vidogo vya mayai, kwa hivyo inakisia idadi ya mayai yatakayovunwa ukichomwa sindano za IVF, yaani kutungishwa mimba maabara. Kama mayai hayo ni mazima, haisemi. Hapo umri ndio wenye neno kubwa zaidi, na mara nyingi mwanamke wa miaka 30 mwenye AMH ndogo ana matumaini kumshinda wa miaka 42 mwenye AMH nzuri.

FSH, homoni inayokuza mayai, hupimwa siku ya pili au ya tatu ya hedhi; ikiwa juu, ni dalili kwamba akiba ya mayai imepungua. Omba ipimwe pamoja na estradioli, homoni nyingine ya kike, maana estradioli ikipanda huishusha FSH, ukaambiwa uko sawa kumbe sivyo.

Sasa vidonge. Ikijulikana tu unatafuta mtoto, kila wifi na shoga anakuletea chupa: vitamini E, zinki, CoQ10. Ni kweli kwamba molekuli haribifu zikizidi mwilini huumiza mayai na mbegu za kiume, na antioksidanti, kama hizo za kwenye chupa, huzipunguza makali. Lakini utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa 2020 uliwapa wanaume zinki na foliki asidi kwa miezi 6, na wake zao hawakujifungua zaidi ya wale ambao waume zao walimeza vidonge vya kulinganishia visivyo na dawa. Kilichoongezeka ni matatizo ya tumbo.

Nilizibeba chupa zangu zote kliniki, muuguzi akazisoma moja moja. Ya nywele na kucha akaiweka kando: ina bayotini nyingi, nayo huweza kupotosha majibu ya homoni kwenye maabara. Foliki asidi ya mikrogramu 400 akaniachia, kwa ajili ya ubongo na uti wa mgongo wa mtoto. Vitamini nyingine nazipata kwa mchicha na mapera ya soko la Kongowea, kwa bei nafuu mno.

Mume naye apimwe mapema, na kama anavuta sigara aache leo, kwani mbegu huchukua kama miezi 3 kukomaa. Na kabla hamjalipia IVF, muulizeni daktari: wanawake wa umri wangu waliotibiwa hapa, wangapi wamejifungua mtoto hai? Asiwajibu kwa idadi ya waliopata mimba tu.