Jibu: Nani wengine wanapiga kama Phoebe Bridgers?

Mkuu, umeuliza umsikilize nani baada ya Phoebe Bridgers, yule mwimbaji na mtunzi wa nyimbo kutoka Marekani. Anza na wenzake wa karibu: mwaka 2018 aliunda kundi la boygenius na Julien Baker na Lucy Dacus, na 2019 akatoa albamu na mwanamuziki Conor Oberst kwa jina la Better Oblivion Community Center. Halafu fuata lebo yake, yaani kampuni inayotoa muziki wake, Dead Oceans. Humo yumo mwimbaji Mitski, na bendi ya Japanese Breakfast pia. Mapendekezo ya programu za kusikilizia muziki usiyategemee sana, kwani hufuata mazoea ya wasikilizaji wengi na kukurudishia majina yale yale makubwa. Bandcamp, tovuti ya kuuzia muziki, inafaa zaidi: fungua albamu unayoipenda, bonyeza picha za walioinunua, kisha pekua makusanyo yao ya muziki. Hapo ndipo wanamuziki wasiojulikana wanapopatikana!