Kabla Hujanunua Kitabu Kikuukuu

Kitabu kikuukuu nakipima kwa pua kwanza. Kikinuka vumbi, nakifungua. Kikinuka uvundo, hata kiwe cha shilingi ishirini nakirudisha nilipokitoa, maana ukungu wa kimoja huwaambukiza jirani zake wote rafuni. Mombasa ni kisiwa, hewa yetu imejaa chumvi na unyevunyevu, na mimi somo hilo lilinigharimu nusu ya kabati msimu mmoja wa masika. Siku hizi rafu zangu haziugusi ukuta. Kitabu kipya (yaani kikuukuu kipya kwangu) kikija na vijidudu, nakifungia ndani ya mkebe usioingiza hewa, nakitia friza siku kadhaa, kisha nakitoa na kukiacha kirudie joto la chumba taratibu kabla ya kukifungua. Mamangu alikuta riwaya kando ya papa wa kuganda akauliza kama leo tunapika karatasi.

Haya, sasa nini cha kununua.

Anayeanza namwambia aanze na Bwana Msa, mpelelezi wa riwayani. *Mzimu wa Watu wa Kale* ya Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar ilishinda shindano la uandishi wa hadithi za Kiswahili la 1957-58, ikachapishwa 1960, na mpaka leo sijaona mpelelezi wa Kiswahili anayenikalia vizuri kama yule bwana na kiko chake, na mwenzake Najum pembeni akishangaa kwa niaba yetu sote. Watu wanaogopa mzimu. Yeye anauliza maswali. Kiswahili chenyewe ni cha kusoma kwa sauti, barazani, mtu mwingine akikusikiliza. *Kisima cha Giningi* ya 1968 ifuate baadaye, usiruke foleni.

Ya pili ni kwa watu wa Mombasa hasa. Kila siku utingo anapiga kelele "Kengeleni! Kengeleni!" na sisi tunashuka, lakini ni wangapi wanaoikumbuka kengele yenyewe? Ni ya Freretown, makazi ya watumwa walioachwa huru yaliyoanzishwa na wamisionari wa CMS (Church Missionary Society, shirika la Kianglikana la Uingereza) miaka ya 1870. James Mbotela, ambaye habari za makazi hayo zilikuwa habari za watu wa nyumbani kwao, aliandika *Uhuru wa Watumwa*, kikachapwa 1934. Ni chembamba, utakimaliza kwa siku moja. Nakuonya tu: kinawasifu Waingereza mpaka unachoka, na mengine nimeyasoma nimekunja uso. Kisome hivyo hivyo, kwa uso uliokunjwa, halafu ushuke Kengeleni ukaangalie ule mnara.

Vitabu vya mapishi ndivyo vinavyokula pesa zangu, na ndiko nilikoumia. Miaka ya nyuma nilinunua kimoja cha Kimarekani, kizuri, jalada la kitambaa, nikataka kupika kastadi ya wageni wa Idi. Kinasema painti moja ya maziwa. Nyumbani tuna jagi la kioo la nyanyangu, lenye alama ya painti, nikalijaza mpaka hapo. Kastadi haikuganda. Nikaongeza muda, ikakataa. Wageni wakainywa kwa vikombe, na shangazi yangu mmoja akasifu "uji wa kizungu". Baadaye ndipo nikagundua kwamba painti ya Kiingereza ni mililita 568 na ya Kimarekani ni 473. Nilikuwa nimezidisha karibu nusu kikombe. Kwa hiyo kitabu chochote cha zamani, fungua kwanza ukurasa ulio nyuma ya ule wenye jina la kitabu uone kilichapwa nchi gani, kabla hujavunja yai. Aunsi haina matata, ni kama gramu 28. Alama ya gesi namba 4 ya oveni ni nyuzi 180 za Selsiasi. Painti ndiyo adui.

Wala tusiwacheke wazungu sana, vipimo vyetu vya kale navyo ni vile vile. Pishi ni vibaba vinne, sawa, lakini mwulize mtu mzima yeyote Mji wa Kale kibaba chake ni kopo lipi.

Jambo jingine ninalolifanya pale pale kwa mwuzaji: natafuta chakula kimoja ninachojua kukipika kwa mkono wangu. Kama kitabu kinazungumzia mchuzi wa nazi, nasoma kinavyosema juu ya tui. Kikitia tui zito jikoni tangu mwanzo na kulichemsha kwa fujo, bila neno la kukoroga, mwandishi wake hajasimama jikoni kwa mtu wa pwani. Natafuta pia madoa. Ukurasa wenye alama ya samli ulipikwa, tena zaidi ya mara moja. Kitabu cha mapishi kisafi kabisa kinanitia shaka.

Ila kitabu nisichokiuza kwa bei yoyote ni daftari la shule la mamangu, jalada limeng'oka, lenye mahamri, vibibi na achari ya ndimu, vipimo vyote vikiwa "kiasi". Kama kwenu lipo daftari la namna hiyo, lipige picha ukurasa kwa ukurasa wikendi hii, na mwenye mkono ulioandika akiwa bado hai, kaa naye umwulize "kiasi" ni kiasi gani.

Majarida nitayapitia haraka. *Joe*, la Nairobi, lililoanzishwa 1973 na Hilary Ng'weno na Terry Hirst, nalinunua kwa vibonzo na hadithi fupi. *Mambo Leo* lililoanza Dar es Salaam 1923 ukilipata, nenda moja kwa moja kwenye mashairi. Ya akina mama, ya mitindo na nyumba, mimi nasoma barua za wasomaji na matangazo ya mafuta ya kupikia. Makala zenyewe mara nyingi zinachosha. Hesabu kurasa za katikati kabla ya kulipa, maana ndizo zinazong'olewa, hasa zikiwa na ruwaza za kushonea. Pini zinazoshikilia kurasa za jarida zikishika kutu, zitoe ushone kwa uzi.

Mwuzaji wangu wa Digo Road amenishikia *Joe* mbili. "Dada, hizi hazipatikani tena," anasema, anataka mia tano kwa moja. Nimefika mia mbili. Kesho baada ya alasiri narudi, na pua yangu.