Kamera ya Video ya Kuzamia Nayo kwa Bei Unayoimudu

Kabla hujauliza bei, jiulize utashuka mita ngapi. Anayekwenda Mafia kuwaona papa potwe, msimu wa Oktoba hadi Machi, anaelea juu na mrija mdomoni. Kwake kamera ndogo za michezo za GoPro, HERO5 Black hadi HERO12 Black, zinatosha zilivyo, maana zinavumilia mita 10 bila kasha, yaani boksi lisilopitisha maji linalovalishwa kamera. Aongeze mpini unaoelea na kamba ya mkononi, basi. Mzamiaji wa mtungi ni habari nyingine. Cheti cha kwanza kinamfikisha mita 18, cha pili 30. Kamera ya DJI Osmo Action 4 imeandikwa mita 18, na hapo ndipo wengi wanapodanganyika: namba hiyo ni ya kamera yenye mpira mzima na safi kwenye mlango wa betri, na mtu anayemfuata kasa kwenye ukuta wa matumbawe hushuka mita tatu zaidi bila kutazama saa yake. Ukizamia na mtungi, nunua kasha.

Mwenye bajeti ndogo anunue kamera ya matoleo mawili matatu nyuma, hata iliyotumika, na fedha inayobaki iingie kwenye kasha na taa. Video ya HERO9 na ya HERO12 zilizopigwa mita 15 bila taa wala filta (kioo cha rangi kinachowekwa mbele ya lenzi) zote zitatoka bluu tupu, kwa hiyo tofauti ya bei uliyolipa haionekani popote. Tena HERO9 hadi HERO12 zinatumia kasha la aina moja na betri za aina moja. Ukibadilisha kamera baadaye, vifaa vinabaki. Ukinunua iliyotumika, fungua mlango wa betri utazame pini za ndani. Kutu ya kijani pale ni maji ya chumvi, na kamera hiyo iache hata ikiwaka. Za DJI zinataka kusajiliwa kwanza kupitia simu yenye intaneti, kwa hiyo imalize kazi hiyo mjini, si kwenye mashua.

Kuna jambo moja tu linalotufanya tupendekeze kitu kingine: vidudu vidogo. Kamera hizi za michezo hazikazi picha (haziifanyi iwe kali) vizuri kwa kitu kilicho karibu zaidi ya sentimita 30 hivi, na konokono bahari wa sentimita mbili hataonekana chochote kwa umbali huo. Anayependa hao atafute Olympus TG-6 iliyotumika, inayokaza picha hata sentimita moja kutoka kwenye lenzi. Yenyewe inavumilia mita 15, na kasha lake mita 45. Simu kwenye mfuko wa plastiki wa kuning'iniza shingoni ni ya ufukweni; usishuke nayo.

Sasa makasha. Ya kampuni iliyotengeneza kamera huandikwa mita 60, na yasiyo na jina huandikwa vivyo hivyo kwa bei ya chini sana. Mengi kati ya hayo ya bei ya chini hayavuji. Kasoro yake kubwa ni springi za vitufe. Kila mita 10 unazoshuka, shinikizo la maji linaongezeka kwa angahewa moja, yaani sawa na shinikizo la hewa ya juu ya bahari. Ukipita mita 20, springi dhaifu inashindwa, kitufe kinabaki kimebonyea, na kamera inaacha kurekodi au inaruka kwenye modi nyingine. Ukipanda, kitufe kinarudi chenyewe na kila kitu kinaonekana kizima, ndiyo maana mtu huirudisha kamera dukani akaambiwa haina ubovu. Bonyeza kila kitufe kabla ya kulipa: kiwe kigumu kiasi na kirudi kwa nguvu. Kinachozama kwa mguso mwepesi, bahari itakizamisha. Na vitufe ndiyo njia pekee utakayokuwa nayo, maana skrini ya kugusa haisikii kidole ndani ya kasha.

Dirisha la mbele liwe bapa. Makasha ya GoPro za mwanzo yalikuwa na dirisha lililobinuka, picha chini ya maji ikatoka na ukungu, na bado utayakuta kwenye mitumba.

Oringi, ule mpira wa duara unaoziba mlango wa kasha, ikague kwenye mwanga kila asubuhi, uizungushe polepole kati ya vidole. Unywele mmoja au punje ya mchanga inatosha kupitisha maji. Grisi ya silikoni ipakwe tu pale mtengenezaji anaposema, na iwe utando mwembamba usioonekana zaidi ya mng'ao. Kazi yake ni kulainisha, si kuziba, na ikizidi hukamata mchanga. Oringi iliyotengenezwa kwa silikoni isipakwe kabisa grisi hiyo, itavimba. Kasha jipya lishushe mara ya kwanza likiwa tupu, na kipande cha karatasi ya chooni ndani. Karatasi ikirudi kavu, ndipo kamera iingie.

Kuhusu rangi, maji hula nyekundu kwanza. Kwenye mita 5 imeshafifia, kwenye 10 karibu yote imekwenda. Filta nyekundu ndiyo dawa ya bei rahisi, na kwa maji ya buluu kama ya Mnemba au Misali inafanya kazi nzuri kati ya mita 5 na 20, jua likiwa mgongoni mwako. Juu ya hapo picha inakuwa nyekundu; chini ya hapo hakuna nyekundu ya kuokoa, na filta inabaki kula mwanga tu. Maji ya kijani yanataka filta ya majenta (waridi iliyokoza). Taa ndiyo inayorudisha rangi kikweli, lakini mwisho wake mchana ni kama mita moja, zaidi kidogo kwenye kiza. Tafuta ya lumeni (kipimo cha nguvu ya mwanga) 2,000 au zaidi, yenye mwanga uliotandaa nyuzi 100 hadi 120. Tochi ya kuzamia yenye doa kali katikati haifai kwa video. Taa na filta visitumike pamoja.

Taa ifungwe kwenye mkono wa pembeni, mbali na lenzi. Ikikaa juu ya kamera inaangaza kila chembe iliyo kati yako na samaki, na wakati wa kusi, maji yanapochafuka, video inajaa vumbi jeupe. Trei ya alumini yenye mipini miwili, upana wa sentimita 30 hivi, hutuliza video kuliko kijiti cha selfi, na inakupa mahali pa kuifunga hiyo taa.

Mipangilio: 4K kwa fremu 30, ISO (usikivu wa kamera kwa mwanga) isizidi 800, ukali wa picha uweke chini. Mpangilio wa weupe, ulioandikwa WB kwenye menyu, uache otomatiki ukitumia filta. Ukitumia taa, weka karibu na 5500K, rangi ya mwanga wa mchana. Rangi utazimalizia kwenye programu ya kuhariri video ya DaVinci Resolve, toleo la bure linatosha.

Ukirekodi kwa megabiti 100 kwa sekunde, saa moja ni gigabaiti 45, hivyo kadi ya kumbukumbu ya gigabaiti 128 yenye alama ya kasi ya V30 inatosha mizamio miwili. Kadi bandia zimejaa madukani. Ijaribu kwa programu ya H2testw kwenye kompyuta kabla ya safari. Beba betri tatu, na kwenye ndege zikae kwenye begi la mkononi.

Ukungu ndani ya dirisha hutokea kwa sababu hewa yenye unyevu imefungiwa pamoja na kamera inayopata joto, halafu maji yanapoza kioo. Funga kasha chumbani kwenye kiyoyozi, mikono ikiwa mikavu, weka vipande vya kukausha unyevu, na usilifungue kwenye mashua bila sababu. Litumbukize kwenye ndoo ya maji, kabla ya kuruka baharini, ulitazame: mapovu mfululizo kutoka sehemu moja maana yake linavuja. Ukiona maji ndani ukiwa chini, panda kwa mwendo wako wa kawaida; kamera haina thamani ya mapafu yako. Ukifika juu toa betri mara moja, na betri iliyolowa maji ya chumvi isichajiwe tena.

Baada ya kuzamia, loweka kasha likiwa limefungwa kwenye maji baridi, dakika 20 au zaidi, ukibonyeza vitufe vyote ili chumvi itoke kwenye springi. Likauke kivulini. Ukiliweka kabatini, liache bila kubanwa, oringi isilale imekandamizwa.