Kulanti ya kerezo inaoza kila wiki tano na kisima kiko nyuma ya karakana

Mkuu, umeuliza umwage wapi lita 200 za kulanti (maji yaliyochanganywa na mafuta ya kupozea chuma kinapokatwa kwenye kerezo, mashine ya kuchonga chuma) unazobadilisha kila wiki tano, na kama shimo la kutenganisha mafuta litatosha kukilinda kisima. Ukataja pia harufu ya Jumatatu na rundo la chenga uani. Halitatosha. Shimo lile linakamata mafuta yanayoelea tu. Kulanti imewekewa kemikali inayoyashikilia mafuta ndani ya maji, ndiyo maana ni nyeupe kama maziwa, na itapita hapo moja kwa moja hadi ardhini. Kwenye mchanga kama wa Dar es Salaam haikawii kuzama.

Ila mimi ningeanza na hizo wiki tano. Kulanti inayotunzwa hukaa miezi kadhaa, na kila mara usipoibadilisha ni lita 200 zisizotafuta pa kumwagwa.

Ile harufu ya mayai viza Jumatatu asubuhi inatokana na oili ya haidroli na ya reli za mashine. Inavuja, inatanda juu wikendi nzima pampu ikiwa imezimwa, hewa haipenyi, na bakteria wasiohitaji hewa wanastawi. Usikimbilie dawa ya kuua bakteria. Engua oili hiyo kabla hujawasha pampu, kwa sababu ikishazungushwa inachanganyika na haienguliki tena. Kisha tafuta sili (kizibo cha kuzuia oili) inayovuja, la sivyo utaengua milele.

Mchanganyo wa 5% ni lita 190 za maji na lita 10 za mafuta ya kulanti. Mimina mafuta kwenye maji huku unakoroga. Ukigeuza, unapata uji mzito usiochanganyika vizuri. Pima kwa rifraktomita, kifaa cha kupima ukali wa mchanganyo, na uzidishe kwa namba iliyo kwenye karatasi ya muuzaji: kipimo kikisoma 4 na namba ikiwa 1.5, una 6%. Wengi huisahau namba hiyo, wakaongeza mafuta bure. Kinachokauka zaidi ni maji, kwa hiyo jazia mchanganyo mwepesi wa 1% hadi 2%. Maji ya kisima yenye chumvi nyingi yanaiharibu, maana chumvi inabaki na kurundikana kila maji yanapokauka. Ya mvua yaliyochujwa ni bora. pH, yaani kipimo cha uchachu, iwe kati ya 8.5 na 9.5. Ikianza kushuka, bakteria wameshaanza kazi.

Sasa lile rundo la vinyuzi na chenga za chuma uani. Hilo linanitia wasiwasi kuliko tangi, kwa kuwa halionekani kama taka ya maji. Chenga hubeba kulanti nyingi, na kila mvua inaiosha kuipeleka chini. Ziweke chini ya paa, kwenye pipa lililoinamishwa kidogo lenye wavu ndani na bomba chini, siku nzima. Kinachochuruzika kichuje ukirudishe kwenye mashine. Hata mnunuzi wa chuma chakavu anapenda chenga kavu.

Kulanti itakayochoka kabisa iweke kwenye pipa lake. Usiichanganye na oili chafu ya injini, maana mkusanyaji wa oili ataikataa ikiwa na maji. Pipa likae juu ya beseni la zege linaloweza kubeba 110% ya ujazo wake, na kulanti umpe mkusanyaji mwenye kibali cha taka hatarishi. Kuna wanaoitenganisha wenyewe kwa asidi, mafuta yakapanda na maji yakabaki meupe kidogo tu. Maji hayo bado yana metali zilizoyeyuka, yasiende shimoni.