Mwanangu form three, Kiingereza F kila mtihani

SWALI: Shikamoo anti. Kijana wangu yuko form three hapa Uyole, la saba alifaulu vizuri tu ila sasa Kiingereza F juu ya F, juzi kaleta 24. Tuisheni nalipa kila mwezi sioni kitu, nimhamishe shule? Mama K, Mbeya

JIBU: Marahaba mama K. Usimhamishe kwanza, yunifomu mpya haifundishi Kiingereza. Huyo kasoma miaka 7 kwa Kiswahili, kaingia form one masomo karibu yote yamegeuka, wengi wanakwama hapohapo. Halafu form four D inaanzia 30 na C 45, hayuko mbali hivyo.

Mwambie akuletee karatasi yenyewe ya mtihani sio ripoti, muone maksi zinapotelea wapi, maana unakuta mtoto kaandika "Yesterday I go to shamba" insha nzima hivyohivyo na hamna aliyemkalisha akamwonesha. Hiyo tuisheni nayo kaulize wanafanya nini, kama ni kunakili notsi tu bora hiyo hela umtolee pepa za nyuma za NECTA, baraza la mitihani, steshenari, afanye moja wikiendi ampelekee mwalimu wake asahihishe.

Na usiseme wewe hujui Kiingereza. Jioni ukimenya viazi akae hapo jikoni asome habari moja kwa sauti, kisha akusimulie kwa Kiswahili, akianza kuumauma maneno ujue hapo hajaelewa, arudie na dikshenari mkononi.