Je, Nihame Timu Yangu Uzeeni?

BARUA YA KWANZA

Mimi ni fundi cherehani katika mtaa wa Rahaleo, hapa Lindi mjini, na umri wangu ni miaka 61. Tangu nikiwa darasa la tano nimeishabikia klabu moja ya hapa mjini, ambayo naomba msiitaje jina, kwa kuwa viongozi wake ni majirani zangu na sipendi kuwaaibisha. Mwaka 1983, nilipokuwa bado najifunza kazi, mwalimu wangu wa ushonaji alinipa jezi za timu hiyo nizishone namba mgongoni, namba ambazo tulizikata kutoka kwenye shuka jeupe kwa sababu kitambaa kingine hakikupatikana. Jezi namba 8 ninayo mpaka leo, kwa sababu mchezaji aliyeivaa alinikabidhi siku alipoacha mpira.

Leo timu hiyo inahangaika katika ligi ya mkoa. Mara ya mwisho ilipocheza nilihesabu mashabiki tukawa 31, wakiwamo watoto waliokuja kuokota mipira. Tulifungwa mabao manne. Baada ya mchezo kipa wetu, kijana wa Mtama, alinifuata akaniomba nauli ya kurudi kwao, na nilipotazama miguu yake niliona soksi moja ya bluu na nyingine nyeusi. Nilimpa. Januari iliyopita niliwapa viongozi shilingi 40,000 za safari ya Nachingwea, fedha ambayo mteja alinilipa kama malipo ya awali ya kitambaa cha sare za shule, na safari yenyewe haikufanyika wala sikuelezwa fedha ilikwenda wapi. Mke wangu hajalisahau jambo hilo, na ana haki.

Mwanangu wa mwisho ni shabiki wa Namungo. Ananiambia nayo ni timu ya mkoa wetu, iko Ligi Kuu, inaonekana kwenye televisheni, kwa hiyo nikihama sitakuwa nimeusaliti mkoa. Kijiweni wananiita mlinzi wa makaburi. Mjukuu wangu aliniuliza, "Babu, timu yako inacheza lini kwenye televisheni?" nikakosa la kumjibu. Nishauri, nihame au nibaki? Jumamosi ijayo tuna mchezo Nachingwea na sijui kama niende.

Fundi, Rahaleo, Lindi

JIBU

Shikamoo mzee wangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na jibu langu ni kwamba usihame. Hata hivyo, ubaki kwa namna tofauti na ile uliyoizoea, kwa sababu naona ndani ya barua yako mambo mawili yaliyochanganyika: mapenzi yako kwa timu, ambayo hayana kosa lolote, na mazoea ya kuwafichia viongozi makosa yao, ambayo umeyahesabu kuwa sehemu ya mapenzi hayo.

Nianze na mwanao, kwa sababu hilo ndilo jepesi. Namungo, timu ya Ruangwa, imeiletea Lindi heshima ambayo hakuna anayeweza kuikana. Ilipanda Ligi Kuu msimu wa 2019/20, na katika msimu huo huo wa kwanza ikashika nafasi ya nne na kufika fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam, ambako ilifungwa na Simba mabao 2-1 pale Sumbawanga. Msimu uliofuata ikaingia hatua ya makundi ya Kombe la Shirikisho Afrika baada ya kuitoa Primeiro de Agosto ya Angola. Kijana aliyekuwa shuleni miaka hiyo, akaiona timu ya Ruangwa ikicheza na Raja Casablanca ya Moroko, asipoipenda ndipo ningeshangaa. Usigombane naye, na ukipata nafasi mfuatane naye siku moja hadi Uwanja wa Majaliwa, ukae naye jukwaani, ushangilie. Kufurahia timu ya mkoa wako hakukutoi katika timu yako. Lakini yeye anapokuambia uhame anadhani unatafuta timu ya kuitazama, ilhali hizo za kutazama umezungukwa nazo. Wewe una timu ambayo namba zake zilipita chini ya sindano yako, na kitu cha namna hiyo hakihamishiki kwenda Ruangwa, hata kama Ruangwa wangekupa kiti cha mbele.

Sasa nije kwenye kushindwa kwenyewe, maana nahisi unajilaumu, kana kwamba mashabiki 31 mngepiga kelele zaidi timu isingefungwa manne. Timu za kusini zina mzigo wake. Itazame Ndanda ya Mtwara, kwa jina la utani Wanakuchele, ambayo ilicheza Ligi Kuu misimu sita kuanzia 2014/15. Katika msimu wa 2018/19 ligi ilikuwa na timu 20 na haikuwa na mdhamini mkuu, na kila timu ilitakiwa kucheza michezo 19 ugenini. Kwa timu ya Mtwara, ambayo Dar es Salaam peke yake iko umbali wa kilomita zipatazo 560, hiyo ina maana ya kupakia wachezaji kwenye basi na kuwapeleka Mwanza, Musoma, Shinyanga na Bukoba, kuwalaza, kuwalisha na kuwarudisha, huku mapato makubwa ya mlangoni yakipatikana pale tu Simba au Yanga inapokuja kwenye uwanja wake wa Nangwanda Sijaona. Ndanda ilistahimili msimu huo, ikashuka uliofuata, pamoja na Lipuli, Alliance na Singida United, na hiyo Singida United ilikuwa imecheza fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam miaka miwili tu kabla yake. Mwaka 2021 ukaja mkataba wa haki za matangazo wa miaka 10 wenye thamani ya zaidi ya shilingi bilioni 225, na tangu hapo tofauti kati ya aliye ndani ya Ligi Kuu na aliye nje imekuwa kubwa zaidi, kwa kuwa fungu hilo hugawanywa kwa walio ndani. Timu yako iko madaraja kadhaa chini ya hapo. Haikufika huko kwa sababu ulinyamaza jukwaani.

Hata hivyo umbali na ufukara havielezi zilikokwenda shilingi 40,000 zako. Hapa nitasema kwa ukali kidogo, na unisamehe kwa kuwa wewe ni mkubwa wangu. Fedha ile haikuwa yako kuitoa. Ilikuwa ya mteja, na nyuma ya mteja kulikuwa na mtoto aliyekuwa akisubiri sare. Mkeo anapolikumbuka jambo hilo anakulinda wewe na jina lako la kazi, wala hapigani na timu yako. Ninakuomba tangu leo usimpe kiongozi yeyote fedha mkononi bila stakabadhi yenye mhuri, na usitoe fedha ambayo haijawa yako.

Kisha uulize. Klabu ya michezo iliyosajiliwa haiwi mali ya majirani watatu, hata kama ni majirani wema. Kwa utaratibu uliowekwa chini ya sheria iliyounda Baraza la Michezo la Taifa mwaka 1967, klabu husajiliwa kwa Msajili wa Vyama vya Michezo ikiwa na katiba yake, na katiba hizo kwa kawaida huagiza mkutano mkuu wa wanachama na taarifa ya mapato na matumizi. Hukusema katika barua yako kama una kadi ya uanachama. Nina wasiwasi kwamba huna, kwa sababu wazee wengi wa aina yako wameipenda timu miaka 40 bila kujiandikisha, na siku ya mkutano hawana kura. Kama huna, ichukue wiki hii. Ukishakuwa nayo, andika barua fupi kwa katibu ukiomba tarehe ya mkutano mkuu na maelezo ya fedha ya safari ya Nachingwea, ubaki na nakala iliyogongwa mhuri wa kupokelewa, na wakikaa kimya mwone Afisa Michezo wa Manispaa. Unaogopa kuwaaibisha. Mimi naona kwamba kiongozi anayejua ataulizwa hufikiri mara mbili kabla ya kutia fedha ya nauli mfukoni, na kwamba ukimya wenu wa miaka mingi ndio uliomfikisha kipa wa Mtama kwenye kuomba nauli kwa shabiki.

Huyo kipa amenikaa moyoni. Kijana anatoka Mtama, anacheza bila malipo, anafungwa manne, na bado anarudi mchezo unaofuata, kwa hiyo unapowahesabu waliobaki na timu, mhesabu na yeye. Wewe ni fundi, na timu isiyo na fedha ina kazi tele za fundi: jezi zilizochanika kwapani, namba zilizobanduka, bukta zisizo na mpira kiunoni, mfuko wa kubebea vifaa. Chukua seti yote ya jezi baada ya mchezo, zifuliwe, uzikague moja moja juu ya meza yako, uzirudishe zikiwa zimeshonwa na kukunjwa kwa namba. Kazi hiyo haihitaji fedha ya mteja, na haiwezi kupotelea mfukoni mwa mtu. Soksi nazo zinanunulika. Mnunulie jozi moja inayofanana, umpe mkononi mwenyewe.

Na kuna jambo jingine ambalo wewe tu unaweza kulifanya. Klabu za zamani za mikoa yetu, nikiitaja Bandari ya Mtwara na Kariakoo ya Lindi, ambazo zote ziliwahi kuonekana katika ligi ya juu ya nchi, zinazidi kubaki katika vichwa vya watu wa umri wako. Tafuta daftari kubwa. Andika majina ya wachezaji wa mwaka ule wa shuka jeupe, nani alicheza wapi, nani alitoka mtaa gani, yupi amefariki na yupi anavua samaki Kilwa. Mjukuu akikuuliza tena kuhusu televisheni, mfungulie ukurasa wa namba 8, umtolee na jezi yenyewe aishike.

Sitakuahidi kwamba timu itapanda. Pamba ya Mwanza ilikaa nje ya Ligi Kuu kwa zaidi ya miaka 20 kabla ya kurudi msimu wa 2024/25, na bila shaka wapo waliokuwa wakienda uwanjani miaka yote hiyo ambao hawakuishi kuiona siku hiyo. Kama unabaki kwa sababu ya kupanda daraja, basi mwanao ana hoja. Lakini barua yako haikutaja kupanda hata mara moja. Ilitaja shuka, jezi, kipa na soksi.

Kuhusu Jumamosi, nenda Nachingwea. Lipa nauli yako mwenyewe kwa konda mwenyewe, ubebe uzi, sindano na daftari, na umuage mkeo vizuri kabla ya kutoka.

BARUA YA PILI

Mimi ni mama wa miaka 38, ninaishi Chuno, Mtwara. Ni shabiki wa Yanga tangu utotoni na pia wa Ndanda kwa sababu ni ya nyumbani. Yanga ilipokuwa ikija Nangwanda Sijaona nilivaa kijani na njano na kushangilia dhidi ya vijana wa kwetu. Tangu Ndanda iliposhuka mwaka 2020 ninasikia uzito kila nikipita karibu na uwanja ule. Je, nilikuwa msaliti?

Mama Chuno, Mtwara

JIBU

Dada yangu, nami nililelewa Mtwara, na siku ya Simba nilikuwa upande wa pili wa jukwaa hilo hilo nikiwa nimevaa nyekundu. Uwanja ulijaa, watu wakapanda miti, na vijana wetu waliingia kwenye uwanja wao wenyewe wakakuta sauti zote ni za wageni. Wiki iliyofuata walicheza na timu kutoka kanda ya ziwa, na safari hiyo nilikwenda kwa sababu tu nilikuwa na shughuli jirani. Jukwaa lilikuwa wazi kiasi kwamba nilisikia kocha akimwita beki wake kwa jina. Ule uzito unaousema ninaujua.

Sikuoni kuwa msaliti. Yanga ni mapenzi uliyorithi ukiwa mtoto, na huwezi kuyang'oa kwa amri. Lakini siku ile tulikuwa na timu moja yenye mamilioni ya watu nchi nzima, na nyingine iliyokuwa na sisi tu, na sisi hatukuwapo. Kwa hiyo endelea kuipenda Yanga kwenye televisheni, na siku timu yoyote ya Mtwara inapocheza pale Nangwanda, katika daraja lolote, lipa kiingilio uingie. Nikiwa nyumbani likizo ya Desemba nitakuwa pale upande wa jua, na safari hii sitavaa nyekundu.